Binti wa Ng'ambo ya Daraja

4 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mama naye hajambo na goti lake. Mimi huku sijambo. Mlango wa karakana yetu haufungi vizuri siku hizi, kwa hiyo tunatengeneza meno ya bandia huku upepo unatupiga mgongoni. Majuzi nilimaliza seti ya bibi mmoja ambaye sijawahi kumwona uso, namjua kwa ufizi wake tu. Ameniletea ujumbe kupitia kwa daktari: meno ni mazuri mno, hakuna atakayeamini ni yake, tafadhali nimpindishie moja. Nimempindishia.

Kwanza, simu. Nimekupigia mpaka nimechoka. Inaita, inaita, halafu kimya. Mama anasema umeagiza nikuandikie barua kama watu wa zamani. Haya, nimenunua stempu. Lakini Mjomba, wewe uliyekuwa ukiongea na simu mpaka inakuchoma sikio, leo unataka barua?

Sasa nije kwenye lililonikalisha. Umesikia kwamba wametoa sinema mpya za Mlinzi wa Daraja? Hazisongi mbele, zinarudi nyuma, eti zinaonyesha Mlinzi alikuwa nani kabla ya kuwa Mlinzi. Ya kwanza ilitoka mwaka jana, ya pili mwezi uliopita. Jumba moja la sinema hapa lilizionyesha zote mbili kwa siku moja, nikaenda na mwenzangu wa kazini. Tunamwita Plasta kwa sababu hajawahi kutoka kazini bila unga wa plasta, ule wa kufinyangia meno, kwenye nyusi. Huyo kwa Mlinzi humwambii kitu. Alikuja amevaa koti refu kama lake, na filimbi shingoni.

Mjomba, wametuvunja moyo. Unakumbuka kule ukumbini kwako watu walivyokuwa wakibishana kwa nini Mlinzi anachechemea? Fundi cherehani alisema ni risasi. Muuza nyama alisema alizaliwa hivyo. Siku ile nusura wapigane. Basi jibu limetoka: alikuwa anamkimbilia msichana, akateleza kando ya bwawa la kuogelea. Mzee mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Basi?"

Na koti! Kuna kipande kizima cha yeye kununua koti, mpaka muuzaji anampunguzia mikono. Filimbi kapewa na jirani. Kila kitu kimetafutiwa sababu, na hakuna hata sababu moja ninayoitaka.

Lakini kilichonitoa kwenye kiti ni mwisho wa ile ya pili. Mkuu wa mji anamkabidhi funguo za daraja, anamuuliza kama ana familia. Kijana anajibu, "Sina mke, sina mtoto. Nina daraja." Nikasimama. Plasta akanivuta nikae. Tulipotoka nje nikamwambia, "Wamemfuta binti yake! Wanafutaje binti?" Akaniangalia. Akauliza, "Binti gani?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania.

Mjomba, wewe ndiye uliyesimama na kipaza sauti kando ya televisheni ukatutafsiria zile sinema tatu za kwanza, neno kwa neno, nami niko benchi la mbele. Niandikie mstari mmoja nimwonyeshe huyu mtu. Mwambie binti alikuwepo.

Mpwa wako


29 Machi

Mpwa wangu, fundi wa vicheko vya watu,

Marahaba. Barua imefika, stempu imekaa upande, lakini imefika. Sisi wazima. Goti la mama yako linamsumbua akipanda ngazi tu. Akishuka halina neno. Nimemshauri awe anashuka tu, akanitupia kifuniko cha sufuria.

Ukumbi upo. Paa linavuja juu ya benchi la tatu, kwa hiyo benchi la tatu limekuwa la wenye kofia. Sehemu ya mbele nimempa fundi viatu, maana siku za katikati ya wiki kulikuwa na mimi na mende. Jumamosi bado nafungua. Watu wanakuja wachache, siku hizi kila mtu ana sinema mfukoni.

Simu na mimi tumenuniana. Tuache hayo.

Sinema zako zimeninyima raha ya kula. Bwawa la kuogelea? Katika mji ule? Mji ambao watu wanapanga foleni na ndoo, nani alijaza bwawa? Na anachechemea mguu gani? Nakumbuka ni wa kushoto, ila katika ile ya tatu, pale kwenye moshi, aliwahi kusahau akachechemea wa kulia. Nilimwombea watu wasione. Angalia vizuri uniambie. Na huyo kijana wa sasa, macho yake yakoje? Mlinzi wetu alikuwa akimtazama mtu kama anayesoma kitu kilichoandikwa mgongoni mwake. Jambo hilo halifundishwi dukani.

Lakini siwalaumu sana walioitengeneza. Ukimpenda mtu unataka kujua alikotoka. Hata mimi nilikuwa najiuliza mambo ya ajabu. Analala wapi? Nani anampikia? Kwa nini hapigi filimbi ile asubuhi ya kwanza? Tatizo lao ni kwamba wamejibu. Mimi nilikuwa najiuliza tu, halafu nazima mashine, nafagia.

Daraja lenyewe wamelionyesha likijengwa? Taa zile za njano zilikuwepo tangu mwanzo au ziliwekwa baadaye? Niandikie yote, usiogope kuniharibia.

Mama yako anakusalimu. Mimi pia.

Mjomba wako


20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za nyumbani, na mpe pole mama kwa goti na kwa ushauri wako. Huku kazi ni nyingi, Plasta amevunja chombo cha kuchemshia nta ya meno, kwa hiyo tunachemshia kwenye birika la chai na chai yetu sasa ina ladha ya mshumaa.

Majibu yako haya hapa. Mguu ni wa kushoto. Macho ya kijana ni mazuri, hayasomi chochote. Daraja halikuonyeshwa likijengwa. Taa zilikuwepo.

Sasa nami nikuulize, mbona umeniuliza juu ya taa na hukusema neno juu ya binti? Niliisoma barua yako mara mbili nikidhani kuna ukurasa umebaki kwenye bahasha.

Basi Jumapili nilienda kwa Plasta. Anakaa chumba kimoja juu ya duka la vioo, kitanda kimesimamishwa ukutani ili televisheni ipate nafasi. Anazo zote tatu, zina maandishi chini ya picha, na lugha yenyewe siku hizi naisoma bila shida. Tukaanza asubuhi.

Pale chini ya taa, katika ile ya kwanza. Unakumbuka? Askari anamuuliza kwa nini haondoki, na Mlinzi anajibu, hivi ndivyo ulivyotuambia: "Mwanangu yuko ng'ambo. Siondoki hapa mpaka avuke." Mimi mpaka leo nikiyasema maneno hayo nywele zinanisimama. Mjomba, pale anamuuliza askari zamu inabadilishwa lini. Kisha analalamika kuhusu supu.

Ile karatasi anayoitoa mfukoni kila akiwa peke yake, uliyosema ni picha aliyochorewa na binti? Ni ratiba ya zamu. Ile ya pili, anapopiga simu huku machozi yanamtoka, ukatuambia amesikia sauti yake kwa mara ya kwanza tangu vita vianze? Anaagiza saruji. Machozi ni ya moshi. Na mwisho wa ile ya tatu, ukumbi mzima uliposimama kupiga makofi, yule mwanamke mwenye gauni jekundu kule mwisho wa daraja, uliyesema ndiye binti amevuka, ni mpita njia. Ana kikapu. Anaenda zake. Wala hawaangaliani.

Plasta alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alipouona uso wangu akaacha. Akazima sauti, akarudisha ile ya kwanza mwanzo, akaniambia, "Haya, nisimulie hiyo ya mjomba wako." Nikamsimulia zote tatu. Tulipofika kwa yule mwanamke wa kikapu, alikuwa amekaa mbele kabisa, karibu na kioo, ameshika filimbi yake. Akasema, "Hii ndiyo wangeitengenezea mwanzo wake. Hii ndiyo ningeenda kuitazama."

Sijakasirika, usinielewe vibaya. Nilidhani nitakasirika, nikaitafuta hasira, sikuiona. Ninachotaka ni kujua tu. Huyu binti nimekua naye. Alitoka wapi?

Mpwa wako


17 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na safari ndogo. Mama yako alinisindikiza, akabeba chakula cha kulisha kikosi cha mpira.

Mvua imepungua, benchi la tatu limekauka. Fundi viatu amepata mteja wa buti.

Swali lako nimelipata. Limekaa vizuri, nimeliweka. Nitalijibu nikipata nafasi ya kukaa.

Mwambie huyo Plasta asichemshie nta kwenye birika.

Mjomba wako


6 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo kweli, siyo hamjambo ya kwenye karatasi.

Barua yako ya mwisho ni fupi kuliko risiti. Wewe, ambaye ukimwelekeza mtu dukani unaanzia na aliyelijenga duka! Nimeigeuzageuza bahasha, nikaona muhuri wa posta si wa kwenu. Ni wa mjini kule kwenye hospitali kubwa. Nikampigia mama. Akasema, "Mjomba wako mzima, anafanya kazi, jana alibandika mabati," yote hayo kwa pumzi moja, kisha akaniuliza nimekula nini. Mama hajawahi kuniuliza nimekula nini kwenye simu, kwa sababu dakika zinakwenda.

Sitaki kukulazimisha. Lakini unijue, mimi ndiye mtoto uliyemlea. Ukininyima jambo, silali, nalizunguka.

Huku habari za binti zimeenea. Plasta alimwambia mpokezi wa zahanati, mpokezi akamwambia daktari, sasa saa ya chai wanataka niwasimulie kipande. Daktari, mtu mzima, aliniuliza binti alivaa viatu gani alipovuka. Nikasema vyekundu, maana ndivyo ulivyosema. Kwenye mitandao wapenzi wa zile sinema bado wanatukanana. Wengine wanataka zitengenezwe upya, wengine wanasema wataishi kama vile hazikutoka. Mimi hasira yote imeniisha. Sinema za watu wengine zimeharibiwa. Yangu haijaguswa, kwa sababu kumbe hawakuwa nayo.

Lakini niambie unaumwa nini.

Mpwa wako


2 Agosti

Mpwa wangu, mama,

Marahaba, na pole kwa kuzunguka. Nimetafuta siku ambayo mama yako yuko sokoni ili niandike bila kuchunguliwa begani.

Umeuliza mawili. Naanza na jepesi. Sauti yangu imekwenda. Ilianza mwaka jana kama mafua yasiyoisha, nikawa nakunywa vitu vya moto na kulaumu vumbi. Ile safari ndogo ilikuwa ya kukatwa uvimbe kooni. Si ule ubaya unaoufikiria, daktari alipima mara mbili na mama yako akamlazimisha apime ya tatu. Nimepona. Ila walipoutoa, ulitoka na sehemu ya kamba ya sauti. Sasa nanong'ona. Fundi viatu anasema nikiongea nasikika kama mtu anayefagia chumba cha pili.

Nilimwambia mama yako asikwambie. Usimgombeze, amejitahidi, uongo haumkai. Sikuwa nakuficha ugonjwa. Nilitaka tu kwamba ukinikumbuka unisikie kama zamani. Na kwenye simu ningekupa ufagio.

Jumamosi naonyesha sinema bila maneno yangu. Wateja wangu wenyewe, wale wale, wanakaa wanabishana nani kasema nini. Fundi viatu alijaribu kutafsiri siku moja. Watu wote ndani ya sinema wakawa wanagombana kuhusu soli. Tukamshukuru, tukamrudisha mbele.

Sasa la pili.

Ile kanda ya kwanza ya Mlinzi niliikodi ikiwa imechakaa. Lugha yake niliijua nusunusu, nusu nyingine nilikuwa naisoma kwenye sura za watu, ndivyo watafsiri wote tulivyofanya kazi, hakuna aliyetudai cheti. Lakini pale chini ya taa, sauti ya kanda ilikufa kabisa. Picha ipo, midomo inatembea, hamna kitu. Ukumbi ulikuwa umejaa, watu wakaanza kupiga miluzi.

Wiki hiyo ndiyo mama yako alikuwa ameondoka kwenda kufanya kazi mbali. Ulikuja kwangu na begi moja, na tangu umefika ulikuwa hujasema neno. Nikikuuliza unatikisa kichwa. Chakula unakizungusha. Siku ile nilikuweka benchi la mbele nikuone, basi. Na katikati ya miluzi ile, wewe ukauliza, kwa sauti kubwa, kila mtu akasikia: "Yeye hana mtoto?"

Miluzi ikakoma. Ukumbi mzima ukawa unaningoja mimi. Nilikuangalia wewe, nikamwangalia Mlinzi, midomo yake bado inatembea, nikaweka kipaza sauti mdomoni nikasema, "Ninaye. Yuko ng'ambo. Siondoki hapa mpaka avuke."

Ukaegemea nyuma. Ukaomba maji.

Baada ya hapo nilikuwa taabuni. Sinema haijafika hata nusu, na nyingine mbili zinakuja! Kila kanda mpya ilipofika nilikuwa naitazama peke yangu asubuhi na mapema, kutafuta mlango wa kumpitishia yule binti. Ile saruji ilinitesa. Anaagiza saruji kwa muda mrefu sana, mpwa wangu, anaulizia bei mara tatu, ilibidi binti amsimulie baba yake shule nzima. Na nilipomwona yule mwanamke wa kikapu, asubuhi ile, nilisimama peke yangu ukumbini nikampigia makofi.

Utauliza kwa nini sikukwambia tu kwamba mama yako atarudi. Nilikwambia, siku ya kwanza. Hukuniamini, na hata mimi sikujua ni lini. Barua zake zilikuwa zinasema mwaka huu, halafu mwaka ujao. Sikuweza kukuahidi lolote juu ya mtu aliye mbali. Nilichoweza kukuahidi ni kwamba anayengoja haondoki. Na hilo hukutaka kulisikia kutoka kwangu. Ulitaka kulisikia kutoka kwa mtu mwenye koti.

Sikuombi radhi, maana sioni la kuombea. Nimekujibu. Sasa lala.

Mjomba wako


25 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mezani kazini, nikaiacha nta kwenye moto, na meno ya mstaafu mmoja wa posta yakayeyuka kama siagi. Plasta ameyaanza upya bila kuniuliza kitu.

Sina maneno ya kukuandikia, kwa hiyo nitaandika ya ratiba. Nimeomba likizo. Nafika Oktoba, wiki ya pili. Najua sijaja miaka mingi, najua hujawahi kunisema kwa hilo, na ningependa uniseme kidogo nikifika ili tumalize.

Nakuja na zile sinema mbili mbaya. Waite fundi cherehani na muuza nyama, waite wote wa zamani walio hai. Tutaonyesha Jumamosi mchana. Mimi nitashika kipaza sauti, wewe utakaa kando yangu. Sijawahi kufanya kazi hiyo mbele ya watu, saa ya chai haihesabiki. Nikikosea, nifinye.

Na mama aje. Mwambie si ombi.

Mpwa wako


9 Novemba

Mpwa wangu,

Umefika salama, tumeshukuru. Mama yako hajambo, mimi sijambo, koo halina neno. Zile dawa ulizoacha nakunywa, zinanuka kama rangi ya mlango. Chumba chako bado hatujatandua kitanda, kila mmoja anasema mwenzake atatandua.

Wewe siku ile ulikuwa unatazama picha, hukuwatazama watu. Kwa hiyo nakuandikia nilichokiona mimi.

Mwanzoni ulikuwa unatafsiri kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Nilitaka kukufinya. Kisha lilipofika lile bwawa la kuogelea ukasema kwa sauti ya yule kijana, "Jamani, hata mimi sijui hili bwawa limetoka wapi," na ukumbi ukapasuka. Muuza nyama alicheka mpaka akashika nguzo. Fundi cherehani akapiga kelele, "Hata hivyo si risasi, nimeshindwa!" Tangu hapo ulikuwa wao. Lile la kununua koti, ulilolichukia, uliwafanya wakae kimya kama wanamsindikiza mtu anayekwenda kuoa. Sikujua kama koti linaweza kuwa na wasiwasi namna ile.

Kisha ikaja ya pili, na ule mwisho. Nilikuwa nauogopa, na wewe ulikuwa unauogopa. Mkuu wa mji akamuuliza kama ana familia. Watu hawa, mpwa wangu, binti wanamjua. Walisimama wakampigia makofi. Fundi cherehani anamtaja mpaka leo akishona gauni jekundu. Wote wakainama mbele. Midomo ya kijana ikaanza kutembea na wewe hujasema kitu. Hapo nilifungua mdomo wangu, mazoea, nikasahau kwamba hakitatoka kitu.

Ukasema, "Sina mke. Sina mtoto." Ukavuta pumzi. "Bado."

Bado! Picha ilikuwa imeshamwacha kijana, iko kwenye taa za njano, na wewe umetia neno mahali hakuna mdomo. Mimi ningetafuta mlango wiki nzima nisiupate huo. Muuza nyama alisema polepole, kama anayelipwa deni la moyoni, "Ndiyo. Alikuwa hajazaliwa." Wakatoka wameridhika, wakibishana binti atazaliwa mwaka gani. Hizo ndizo sinema zilizovunja watu moyo dunia nzima.

Lakini hilo silo lililonifanya nichukue kalamu.

Mama yako alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Sidhani kama ulijua kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa ndani ya ukumbi ule. Wakati wa Mlinzi alikuwa mbali, na aliporudi wewe ulikuwa umeshaanza kupenda mambo mengine. Juzi nilikuwa nafuta mabenchi, akaingia na mkoba wake wa sokoni, akakaa benchi la mbele.

"Huyo binti wanayemngoja wote," akasema, "ni nani?"

Nikamsimulia. Ilibidi nikae karibu naye kabisa ili anisikie, bega kwa bega, kama tulivyokuwa tukisimuliana tukiwa watoto baba amelala. Nilimpa zote tatu, na supu, na saruji, na mwanamke wa kikapu. Nilimwambia na swali lako, jinsi miluzi ilivyokoma. Nilidhani atalia. Hakulia. Alikuwa anatazama pale ukutani panapokaa picha.

Kisha akauliza, "Na mama yake alikuwa wapi?"

Nikamuuliza, mama wa nani?

"Wa huyo mtoto wa benchi la mbele. Wakati baba mwenye koti anasimama pale usiku na mchana, na watu wanapiga makofi, mama yake alikuwa wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba hilo sikuwahi kulitunga. Na nikajiona mjinga, maana nimekaa na dada yangu nyumba moja miaka yote hii na sikuwahi kulisikia wala kuliuliza. Hata wewe hukuuliza, najua. Aliporudi tulifurahi, tukapika, tukasema ya kale yameisha. Tulijiuliza Mlinzi analala wapi. Yeye hatukumuuliza.

Akauweka mkoba chini.

"Alikuwa chini ya hoteli," akasema. "Chumba cha kufulia, hakina dirisha. Mashine moja ya pasi, ndefu kama kitanda, wawili wanaingiza shuka huku, wawili wanapokea kule. Mwenzake wa upande ule hawakuelewana lugha. Siku ya kwanza yule mwenzake alimwonyesha kwa vidole: una wangapi? Akamwonyesha kidole kimoja. Yule naye akaonyesha vitatu. Basi ikawa kila asubuhi wakikutana hawasalimiani kwa mdomo, wanaonyeshana vidole tu, kisha wanaanza kazi."

Aliendelea mpaka fundi viatu akafunga sanduku lake na kwenda kula. Alicheka mahali nilipodhani pana uchungu, na mahali ambapo hapakuwa na kitu, pale anapoeleza rangi ya sabuni, akakichukua kitambaa changu cha kufutia akakikunja kama shuka. Kuna sehemu nilitaka kumkatiza nimuulize, mdomo nilishaufungua. Nikaufunga. Nilikaa kimya, na safari hii si kwa sababu ya koo.

Mjomba wako